Doti ya Makumbi

Kherbanu alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa ukimgusia kanga. Hapo ungetafuta kiti. Duka lilikuwa la kaka yake, Ahmedali, kwenye barabara ya kushukia bandarini Kilindoni, na ndani yake ulikuta misumari, betri, mchele, ndala na nyuzi za nyavu, lakini kona ya kanga ilikuwa ya Kherbanu peke yake. Aliishika tangu alipofiwa na mumewe na kurudi kwao. Wanawake wa kisiwa kizima walimjua kwa jambo moja: umwambie umealikwa wapi na nani amekununia, naye atakuvutia rafuni kanga inayokufaa, rangi zake na jina lake, bila kupapasa.

Sasa kuuza kanga za watu ni kazi, ila kutamani yako mwenyewe ni ugonjwa, na Kherbanu aliugua ugonjwa huo miaka mingi. Alichora kanga yake kwenye karatasi za kufungia bidhaa, akaifuta, akaichora tena, mpaka ikatulia. Pindo lake lilikuwa meno ya mbuzi, ile mbuzi ya kukunia nazi, jino baada ya jino kuzunguka pande zote nne. Mjini, yaani pale katikati, palikuwa na nazi moja kubwa iliyopasuliwa, nyama yake nyeupe imetulia ndani ya kifuu cheusi. Chini yake, mahali pa jina, aliandika: NILIZALIWA HAPA HAPA.

Maneno hayo hayakutoka hewani. Kila alipovuka kwenda bara alikuwepo mtu wa kuitazama sura yake ya Kihindi na kumuuliza, kwa upole kabisa, yeye ni wa wapi. Wa Mafia. Sawa mama, lakini wa wapi hasa? Babu wa babu yake alizikwa Kilindoni. Kherbanu alishachoka kujibu kwa mdomo, akaona bora aliandike jibu mgongoni, wenye macho wajisomee.

Kiwanda kimoja cha Dar es Salaam alichokipelekea mchoro kilimjibu kwamba wateja wanapenda tausi na maua. Nazi ni kitu cha jikoni. Hata hivyo, walisema, duka likiagiza marobota ya kutosha watachapa hata picha ya ndoo. Shauri likarudi kwa mwenye duka.

Ahmedali hakuwa mtu mbaya, asisingiziwe. Alikuwa mfanyabiashara tu, anaamka akifikiri nini kimetoka na nini kimelala, na kanga zilikuwa zimeanza kulala. Watu wa Mafia walikuwa wanajenga. Waliulizia mabomba, vigae na koki za maji. Siku Kherbanu alipomwekea mchoro mezani, aliutazama kwa heshima yote, akavua miwani.

"Niletee wanawake wanaoitaka kanga hii," alisema. "Niwaone kwa macho yangu, nami naagiza. Usiponiletea, Ramadhani ikiisha kona yako naweka mabomba."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mtu akikusema kwa ubaya unapata la kumjibu. Kherbanu alimaliza kuuza siku ile akiwa na tabasamu la kuazima, kisha akaenda kulia chumbani kwake mpaka mto ukalowa.

Aliwaonyesha wanawake karatasi yake. Walisema nzuri, dada, Mungu akujalie, kisha wakanunua tausi. Kosa halikuwa lao. Nani wa pwani ananunua kanga bila kuitandaza? Mtu ashike ncha huku, mwenzake ashike kule, uone pindo linavyozunguka, urudi nyuma kidogo, ujione ndani yake. Kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja, meno ya mbuzi yalionekana kama sisimizi wanaohama.

Ndipo akaingia Isdory dukani kununua futi ya kupimia. Isdory alikuwa mpima ardhi wa wilaya, mtu wa Kagera, ameletwa Mafia na kazi akaipenda mpaka akahamishia familia. Alikuwa na tableti mkononi, na humo mlikuwa na picha alizopiga kwa droni juu ya mashamba ya minazi. Kherbanu alichungulia. Minazi ilikuwa imepangwa mistari, na kivuli cha kila mnazi kimelala upande mmoja, na barabara nyekundu imezunguka shamba lote. Alisahau kumpa mtu chenji yake. Ile ilikuwa kanga, imetandazwa chini, inaonwa na ndege peke yao.

Akamuuliza kama kitu kilichopangwa ardhini kingeweza kuonekana hivyo hivyo, na maandishi yake yakasomeka.

"Hata kijiko kitaonekana, mama," Isdory alimjibu, "ila kiwe kijiko cha jitu."

Basi yakaanza. Isdory aliupiga picha ule mchoro, akauingiza kwenye kompyuta, akaukuza mpaka ukalingana na uwanja wa mpira. Kila ncha ya kila jino ikapata mahali pake duniani, na kile kifimbo chake cha kupimia, kinachoongea na setilaiti, kingemwonyesha mahali hapo pa kuchomeka kijiti. Uwanja wenyewe ulikuwa ufukwe wa Miburani, maana siku za bamvua maji hupwa huko mpaka mchanga unabaki wazi, mweusi, umelowa, hauna hata nyayo. Kazi ingefanywa baina ya maji kutoka na maji kurudi.

Rangi zilitafutwa humo humo kisiwani. Wekundu ulikuwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa. Weusi ulikuwa vifuu vilivyochomwa. Weupe Kherbanu aliutaka wa makome ya kisiwa cha jirani cha Juani, lakini Arafa, aliyekuwa mkubwa wa kikundi cha wanawake wa huko, alimkatisha mapema: Juani imo ndani ya hifadhi ya bahari, kome halitoki, wala yeye hataki kuitwa ofisini kueleza habari za kanga. Wakakubaliana watumie mchanga mkavu wa juu ya ufukwe, ule usiofikiwa na maji, mweupe kama unga. Ukajazwa kwenye magunia siku moja kabla.

Wafanyakazi walikuwa vikundi viwili, cha Arafa wa Juani na cha Somoe wa Miburani. Hapa pana jambo la kuelezwa. Vikundi hivi havikuwa vinapatana. Miaka ya nyuma viliwahi kukutana harusini vimevaa sare ya kanga ile ile bila kuambiana, kila kimoja kikaamini mwenzake ameiba, na tangu siku hiyo vilisalimiana kwa meno ya mbele. Kherbanu ndiye aliyewauzia wote, kwa hiyo alijua nani ameiba: hakuna. Lakini kawaeleze.

Akaona dawa ni kugawa kazi nusu kwa nusu. Miburani watandaze nusu ya kushoto, Juani nusu ya kulia, wakutane katikati kwenye nazi. Na ili kila mmoja ajue nusu yake inaelekea wapi, akawapa wote picha nzima ya kanga. Hilo ndilo lililokuwa kosa, na lilifanywa na mtu aliyeuza kanga nusu ya umri wake.

Siku ilipofika, maji yalitoka kwa utii. Isdory akashuka na kifimbo chake, suruali imekunjwa, akachomeka vijiti vya nusu ya kushoto, na wanawake wa Somoe wakamfuata na matenga ya makumbi. Juani hawakuwa wamefika. Mashua yao ilikwama kwenye maji haba kabla ya kufika nchi kavu Utende, ikabidi wateremke na kuisukuma na mizigo yao, kisha wangoje lori. Isdory aliporudi kuchomeka vijiti vya nusu ya kulia alimkuta Somoe na wenzake wameshaingia huko, picha mkononi, wanatandaza bila kumngoja mtu. Alifurahi. Aliona wana bidii, akawatangulia na vijiti vyake.

Juani waliteremkia mbali, mwisho wa ufukwe, na makumbi na vifuu vyao wenyewe walivyovibeba tangu kwao. Arafa hakuona kijiti wala mpimaji. Alikuwa na picha, na ilikuwa picha ya kanga nzima. Akatoa kamba ya usumba, akawapanga watu wake, wakaanza kwenye pindo. Kherbanu alikuwa juu ufukweni akihesabu magunia ya mchanga kwa wasiwasi. Aliwaona kwa mbali wameinama na akamshukuru Mungu kwamba wamefika. Kwa mtu aliyesimama chini, makumbi ni makumbi. Hayana sura yoyote.

Watu walishajaa kutazama. Wengine walikuja na vigoda vyao. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeuliza mara kwa mara makumbi yote yale yamekosa nini hata yaanikwe pabaya vile, na kila mara watu walicheka upya. Ahmedali naye alifika na pikapu ya duka, akasimama mbali na wengine, mikono kifuani, viatu vinang'aa. Hakucheka. Alikuwa amekuja kuona wateja, na mpaka hapo alikuwa ameona vibarua.

Isdory akarusha droni. Ilipanda ikilia kama nyigu, ikawa nukta, na Kherbanu akasogeza uso kwenye tableti, akikikinga kioo na jua kwa ncha ya ushungi.

Kanga zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa imenyooka, pindo lake kamili, kifuu kimekamilika, maandishi yanasomeka. Ya pili ilikuwa pembeni yake, nzima vile vile, meno yake yote, jina lake lote, ila imekaa upogo kwa sababu kamba haiongei na setilaiti. Na zote mbili zilikuwa na shimo jeusi katikati, mahali pa nyama ya nazi, na magunia ya mchanga mweupe yalikuwa ya nazi moja.

Aliitwa Arafa, akaitwa Somoe, wakaja na watu wao, na kioo kile kidogo kikazungukwa na vichwa. Ugomvi ukafumuka. Somoe alitaka kujua nani aliwaruhusu Juani kuwaigiza. Arafa alitaka kujua Miburani wanafanya nini kwenye nusu isiyo yao, tena ile ndiyo nusu waliyopewa wao. Kherbanu akajaribu kueleza habari ya nusu kwa nusu. Wote wawili wakamgeukia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu ile harusi walikuwa upande mmoja.

"Dada Kherbanu," Somoe alisema, "nani kisiwa hiki anavaa nusu kanga?"

Isdory, ambaye alikuwa akitazama baharini, alisema maji yameshageuka. Shauri lake lilikuwa rahisi na la haraka: waiache ile iliyonyooka, waifumue ile ya upogo, mchanga wote uende kwenye nazi moja, apige picha, kazi iishe. Alisema kweli. Kherbanu alikuwa na kanga moja ya kuokoa na kona moja ya duka ya kuokoa, na zote mbili zilihitaji picha moja iliyo safi. Alifungua mdomo akubali.

Lakini aliwaona wanawake wa Juani. Walikuwa wamelowa mpaka kiunoni kwa kusukuma mashua, mikono imeiva kwa makumbi, na walikuwa hawaangalii maji wala hawamwangalii yeye. Walikuwa wanaiangalia ile kanga yao kwenye kioo. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba yeye angeifunga na blauzi nyeusi. Na Somoe alikuwa anaendelea kufoka kwamba sare hii Miburani wameiona kwanza, Juani wasahau, na Arafa anamjibu kwamba sare haionwi, sare inavaliwa, na wao wataivaa Idi hii hii. Waliigombania. Kitambaa hakipo, rangi haipo, kiwanda hakijachapa hata uzi mmoja, na watu wazima walikuwa wanashikana mashati kwa ajili yake. Furaha ilimpanda Kherbanu kwa nguvu mpaka akaona haya, akaishia kucheka mbele ya watu.

"Msitoe hata kumbi moja," alisema. "Kanga moja mtu anaifanyia nini? Hiyo ni doti. Nileteeni mchanga."

Ahmedali alikuwa amesogea, maana ugomvi wa bidhaa humvuta mfanyabiashara popote alipo. Alikuwa ameuza vitu tangu hajaota ndevu na hakuwahi kuona wateja wakigombania mali ambayo haijatengenezwa. Alimtazama Somoe, akamtazama Arafa, akamtazama dada yake. Kisha akavua viatu, akaviweka juu ya boneti, akapanda pikapu na kuirudisha nyuma mpaka kwenye mchanga mkavu kule juu, akaanza kuchota kwa sepetu.

Ukiona tajiri amevua viatu, na wewe utakaa kwenye kigoda? Watu waliteremka wote. Waliokuja kucheka walichota kwa ndoo, kwa masufuria, kwa besheni, kwa kofia. Wavuvi walilitandika tanga la mtumbwi wakaubeba mchanga watu wanne wanne. Yule mzee wa makumbi aliuvua msuli wake wa juu, akaujaza, akaenda anayumba na kuuliza weupe unawekwa wapi. Kherbanu alibeba kwa ushungi, na kila aliporudi alimkuta kaka yake amejaza tena, jasho linamtoka mpaka kwenye miwani. Miburani walimwaga kwenye nazi ya Juani na Juani wakamwaga kwenye nazi ya Miburani, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza ipi ni ya nani. Maji yalikuwa yanakuja. Somoe alisimama kwenye ukingo wa chini, anapiga kelele kuwaambia yamefika wapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangilia mpira.

Ushungi wa mwisho aliumwaga Kherbanu. Isdory akawaomba wote watoke, wakatoka mbio, nyayo zao zikabaki kando, naye akairusha droni na betri yake ya mwisho.

Wote walikusanyika kumzunguka, safari hii hakuna aliyegombana. Doti ilikuwa imelala kwenye mchanga mweusi wa Miburani, nyekundu, nyeusi na nyeupe, meno ya mbuzi yanazunguka pande zote, nazi mbili zimefunguka, na maneno ya Kherbanu yanasomeka mara mbili, makubwa kiasi kwamba ndege ya abiria iliyokuwa inashuka Kilindoni ilipinda kidogo, wengine wakasema rubani aligeuka kusoma. Ile kanga ya Juani iliyokaa upogo haikuonekana kosa. Ilionekana kama upepo umeipata, kama kuna mtu anaikung'uta. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye pindo lake la chini, yamelifuata jino moja moja, yanang'aa. Arafa alivuta pumzi, akasema wao wameanua mapema, haijakauka. Somoe ndiye aliyecheka kwanza.

Kherbanu alilia pale pale, mbele ya kaka yake na mbele ya Kilindoni nzima, na hakujificha. Ahmedali alisimama pembeni yake, suruali imelowa, mkono umeshika sepetu. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba keshokutwa ataipigia simu Dar es Salaam. Kisha akafikiri, akasema kesho.

Picha ile haikungoja kesho. Ilitoka kwenye tableti ya Isdory ikaingia kwenye simu ya Somoe, na kutoka hapo nani aliweza kuizuia? Ilifika Jibondo, ikafika Chole, ikafika kwa walinzi wa mnara wa taa Ras Mkumbi, ikavuka mpaka kwa binti za Mafia walioolewa Temeke na Tanga. Makumbi yaliyobaki yaliokotwa yakaenda jikoni, na maji yalifuta mengine yote, lakini wanawake walianza kupita dukani siku ya pili yake, wanaonyesha simu, wanauliza itafika lini. Ahmedali aliwaona kwa macho yake kama alivyotaka. Aliwaona asubuhi, akawaona mchana, mpaka wiki ilipoisha aliomba asiwaone kidogo. Kiwanda, kilipoona ukubwa wa oda, kiligundua kwamba nazi ni kitu kizuri sana.

Marobota yaliteremshwa bandarini Ramadhani ikiwa ukingoni. Juani walichukua sare yao, Miburani wakachukua yao, ile ile, na siku ya Idi walijipanga barabarani pamoja, hata mtu aliyewajua hakuweza kusema Juani inaishia wapi na Miburani inaanzia wapi. Lakini watu wana tabia yao juu ya kanga wanayoipenda. Hawaiiti kwa maneno yaliyoandikwa juu yake; huipa jina lao wenyewe, na jina hilo hakuna anayejua limeanzia kwa nani. Baada ya Idi alikuja dukani mama mmoja kutoka Kirongwe, mgeni kabisa kwa Kherbanu, akamwambia Ahmedali anataka kherbanu doti moja. Akaja wa pili, anaitaka kherbanu ya binti yake. Vijana waliotumwa na dada zao walisema hivyo hivyo, wala hawakujua kwamba kuna mtu mwenye jina hilo, na kwamba ndiye huyo anayewakatia.

Ahmedali alisikiliza siku nzima. Jioni, kabla ya kufunga, alileta ngazi, akachukua kopo la rangi nyeusi na brashi kutoka kwenye bidhaa za ujenzi, akapanda mpaka juu ya rafu ya kanga na kuanza kupiga mstari wa kuandikia jina kwenye ubao wa hapo juu.

Kherbanu alimtazama kidogo. Kisha akazunguka kaunta, akaishika ngazi, akamwambia kaka yake ashuke, jina hilo ataliandika mwenyewe.